Siku ya Vifua na Mlango wa Bibi Namkunda

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo pakawa ya nani, ya mgonjwa? Paukwa!

Pakawa!

Naam, sasa mpo. Hapo zamani za kale, kabla bibi yangu hajawa na bibi, palikuwa na kijiji mlimani. Jina lake siwaambii. Mkilijua mtakwenda kuwacheka wajukuu wao, na wajukuu hawana kosa. Kijiji kile kilikuwa na migomba, mahindi, maharage, na watu hodari. Hodari wa nini? Wa kila kitu. Mngewauliza wenyewe, wangewaambia mpaka mchoke.

Juu ya kijiji palikuwa na bwawa lililochimbwa na mababu, likazungushiwa ukuta wa mawe na udongo. Wenyewe waliliita ndiva. Maji ya kijito yaliingia ndivani, yakalala, asubuhi yakafunguliwa kwenda mashambani. Ndiva ikijaa, kijiji kinakula. Ndiva ikipasuka, kijiji kinaogelea. Kwa hiyo kila mwaka kabla ya masika ukuta ulitengenezwa, na kabla ya kuutengeneza palikuwa na mila.

Mila yenyewe iliitwa Siku ya Vifua. Watu wote walikusanyika uwanjani. Mmoja mmoja alisimama, akajipiga kifua, du! du! du!, akataja uhodari wake. Wote wakaitikia, "Ndivyo!" Basi, kazi hiyo amepewa mpaka mwaka mwingine. Kupinga ilikuwa mwiko. Aliyepinga uhodari wa mwenzake alipikishwa makande ya kijiji kizima siku tatu, na kijiji kile, jamani, kilijua kula.

Alisimama Kirama, mtu aliyehitaji asubuhi nzima kutoka kitandani hadi mlangoni.

Du! du! du! "Mimi ni mbio! Upepo unaniamkia!"

"Ndivyo!"

Akapewa kazi ya utarishi. Habari za msiba alizifikisha matanga yakiwa yameanuliwa.

Alisimama Mama Naetwe, mama wa watu, mwenye moyo mzuri na sauti ya mlango wenye kutu.

Du! du! du! "Sauti yangu inambembeleza mtoto na mnyama!"

"Ndivyo!"

Akapewa kuimbisha kazini. Alipoanza ubeti wa kwanza mbuzi walikata kamba. Ubeti wa pili haujawahi kusikika, maana watu wote walikuwa wamekwenda kutafuta mbuzi.

Kisha alisimama Senkondo. Huyo Mungu alimpa kifua. Akijipiga, ng'ambo ya bonde wanadhani ni ngoma.

Du! du! du! "Mimi ni fundi wa kuziba! Maji yakiniona yanarudi yalikotoka!"

"Ndivyo!"

Akapewa ukuta wa ndiva. Akauziba kwa mchanga na majani ya migomba, akarudi nyuma hatua tatu, akautazama, akajipongeza. Mwaka wa kwanza ukuta ulivuja, chururu. Mwaka wa pili, chururu chururu. Mwaka wa tatu, wa nne, wa tano, chururu chururu chururu. Miaka saba! Na kila mwaka Senkondo alijipiga kifua, na kila mwaka watu waliitikia, "Ndivyo!"

Mtaniuliza, hawakuwa na macho? Walikuwa nayo, mawili mawili. Lakini kila mmoja alikuwa na kifua chake kinachosubiri zamu. Ukimnyima mwenzako ndivyo yake leo, yako kesho utaitikiwa na nani? Basi wakakopeshana uongo kwa adabu, wakaondoka wanapeana mikono.

Palikuwa na mwanamke mmoja, jina lake Nakijwa. Mjane. Nyumba yake ilikuwa chini kabisa ya ukuta wa ndiva, kwa sababu hapo ndipo marehemu mumewe alipopewa kiwanja, na marehemu hakuwa mtu wa kubishana. Humo aliishi na mama yake mzazi, bibi kizee asiyeweza tena kusimama. Siku ya Vifua ilipofika zamu yake, Nakijwa alisimama mikono ikiwa nyuma.

"Mimi sina nijualo," alisema. "Mnipe chochote."

Na wale watu, kwa mazoea tu, wakaitikia, "Ndivyo!"

Nakijwa akainamisha kichwa, akapewa kazi ya kubebea mafundi chakula. Miaka saba alipanda na kapu kichwani, akaliweka chini, akautazama ule ukuta wa mchanga juu ya paa lake, akarudi. Alitaka kusema neno. Lakini angesema nini, mtu aliyekwisha kusema hana alijualo?

Na palikuwa na Bibi Namkunda. Huyo ndiye aliyenifanya niwaite mje. Alikuwa mzee, mdogo wa umbo, na fimbo yake moja na kipembe chake kimoja cha ugoro. Ugoro wake aliusaga mwenyewe, ukiutia puani asubuhi unapiga chafya mpaka jioni. Siku ya Vifua alikuja, akakaa, akanusa. Wakimwita ajipige kifua alijibu, "Mbavu zangu hizi? Mnataka kunizika?" Wakamwacha.

Ukaja mwaka wa nane. Senkondo alikuwa amekwisha kuziba, amekwisha kujipongeza. Masika yakawahi. Ikanyesha siku nne bila kupumzika, wu! wu! wu! Kijito kikawa mto. Ndiva ikajaa, ikavimba. Asubuhi ya tano mvua ilikatika, na Nakijwa alipotoka nje alikuta maji mekundu yanapita mlangoni kwake, chururu chururu chururu. Akatazama juu. Ukuta ulikuwa umepasuka ufa mrefu kama mkono, na ufa ulikuwa unatoa jasho.

Alipanda mbio hadi uwanjani, nguo imemlowa. "Jamani! Ukuta unakwenda! Mama yangu yumo ndani!"

Watu wakakusanyika. Wanaume wanne walishuka wakambeba mama yake na kitanda chake mpaka uwanjani, hilo nawasifu. Wengine wakafungua mlango wa ndiva ili maji yapungue. Yakapungua kidogo, lakini kijito kilikuwa kinaleta mengi kuliko mlango ulivyokuwa unatoa. Na ukuta ukienda, nyumba ya Nakijwa ndiyo ya kwanza. Ya pili ni shamba la mahindi ya kijiji kizima, na baada ya hapo ni njaa.

"Senkondo, tufanye nini?" watu waliuliza.

Senkondo akavuta pumzi. "Maji haya yana kijicho na mimi," alisema. "Nimeyazuia miaka saba, sasa yanalipiza. Niongezeeni mchanga." Akajipiga kifua. Du! du! du! "Mimi ni fundi wa kuziba!"

Na watu, na msinidanganye kwamba nyinyi msingefanya hivyo, wakafungua vinywa vyao waitikie.

"Nd..."

Chafya! Chaaafya! Bibi Namkunda alipiga chafya mbili nzito, ile ndivyo ikakatika katikati.

"Samahanini," alisema, akijifuta pua. "Ugoro wa leo una hasira. Senkondo mwanangu, mila inasema usipingwe. Mimi sikupingi, nimezeeka, makande ya watu wote hawa siyawezi. Nauliza tu. Je, kuuliza ni mwiko?"

Wazee wakatazamana. Kuuliza hakukuwa mwiko. Hakuna aliyewahi kujaribu.

"Watu wakija kwako wakabisha hodi," alisema Bibi Namkunda, "huwa wanafuata nini?"

"Wanafuata ufundi wangu," Senkondo alijibu.

"Vizuri. Kirama, mara ya mwisho ulipobisha kwa Senkondo, ulifuata nini?"

Kirama akajikuna. "Nilifuata mbuzi wangu, bibi. Alipotea. Senkondo aliniambia amesikia kwato zake zikipita mgombani upande wa chini. Nikaenda, nikamkuta."

"Ulimkuta siku hiyo hiyo?"

"Kesho yake. Nilienda kwa mwendo wangu."

"Na wewe, Mama Naetwe?"

"Mimi sijawahi kubisha kwake. Yeye ndiye hubisha kwangu. Huja kulalamika eti kinu changu kinampigia kelele. Bibi, mimi nakaa ng'ambo ya bonde! Juzi alikuja akasema mchi wangu una ufa. Nikautazama, ukawa na ufa kweli."

Mwingine akasema Senkondo ndiye aliyesikia nyuki walipohamia kwenye dari yake. Mwingine akasema Senkondo alisikia mtoto akilia korongoni wakati mama mtu hajajua kama katoka. Bibi Namkunda akauliza wa tano, wa sita, wa saba. Hakuna hata mmoja aliyefuata kuzibiwa kitu. Senkondo alisimama pale kifua kikishuka kidogo kidogo, kama kiriba kinachotoka upepo.

"Na wewe, Nakijwa mjukuu wangu? Kwako wanafuata nini?"

"Kwangu hawafuati kitu, bibi. Mimi sina nijualo."

Watu wakaanza kutazama miguu yao. Mkiona kijiji kizima kinatazama miguu yake, jueni kuna jambo.

"Ghala langu lilipopasuka," alisema mzee mmoja polepole, "alinizibia Nakijwa."

"Mtungi wangu."

"Mzinga wangu."

"Chungu changu cha pombe, na hakijavuja tena."

Kisha mke wa Senkondo akakohoa. Mumewe akamkata jicho. Akakohoa tena.

"Na sisi," alisema. "Paa letu. Lilivuja miaka miwili, mume wangu akiliziba linavuja zaidi. Nikamwita Nakijwa, siku Senkondo alipokwenda mnadani."

Loo! Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Hata mama yake Nakijwa, pale kitandani, alicheka kwa ufizi mtupu. Kijicho cha maji kikawa kimepata dawa!

Nakijwa hakucheka.

"Kumbe mnajua," alisema. "Kumbe wote mnajua! Miaka saba nalala chini ya mchanga wa huyu baba. Mvua ikinyesha nalala nimemshika mama yangu mkono. Kila mmoja wenu amekuja kwangu na chombo chake, nimemzibia, akasema asante, akaenda zake. Halafu nikasimama mbele yenu nikasema sina nijualo, mkaitikia Ndivyo! Mdomo mmoja usingeweza kusema hapana? Makande ndiyo mliyoogopa?"

Kicheko kikafa. Hata mimi, miaka yote hii nasimulia, sijawapatia jibu watu wale.

"Una haki," alisema Bibi Namkunda. "Walikosa wao, na mimi nilikosa nikiwa nimekaa nanusa ugoro. Ututukane baadaye, nitakaa mbele kabisa nisikie vizuri. Sasa hivi tuambie la kufanya."

Nakijwa akajifuta machozi kwa kiganja. "Udongo wa kichuguu," alisema. "Makapu kwa makapu. Samadi mbichi. Jivu. Na magome ya migomba, yapondwe."

Wakakimbia. Hata Kirama alikimbia, walioona walisimulia. Wakaleta udongo, wakaleta samadi, wakaleta jivu, wakamwaga pamoja wakakanyaga, pu! pu! pu! Wakaponda magome, po! po! po! Nakijwa akashika, akanusa, akasema bado. Wakakanyaga tena, pu! pu! pu! Akashika, akasema sasa.

Akaingia ndivani, maji yakamfika kifuani. Lakini ndani maji yalikuwa mekundu, hayaonyeshi kitu. Ufa ulionekana kwa nje tu. Maji huingilia huku yakatokea kule, na Nakijwa alilijua hilo. Akapapasa ukuta, akapapasa, hakuona tundu. Nje ufa ukaongezeka kidole kimoja.

Senkondo alikuwa amekwisha kwenda zake. Alikuwa nyumbani, amekaa mlangoni, amenuna. Mtu akinuna hapendi kelele, na yeye hata siku za furaha hakuzipenda. Akavumilia, akavumilia, kisha akainuka, akaja ndivani akiguna njia nzima.

"Nani anakoroma humu?" alifoka. "Tangu juzi jambo hili linanikoromea! Nilidhani ni mke wangu!"

Watu wakageuka. Nakijwa akamtazama kutoka majini. Angeweza kumwambia maneno, na alikuwa nayo ya miaka saba. Akasema, "Baba, njoo unisikilizie."

Senkondo akasimama. Hakuna aliyewahi kumwomba asikilize. Siku zote alikuwa anaambiwa anyamaze. Akashuka, akapiga magoti juu ya ukuta, akalaza sikio kwenye mawe. Akasogea hatua. Akasogea nyingine.

"Mama Naetwe, acha kupumua," alisema. Kisha, "Hapa. Chini ya hili jiwe pana, kina cha mkono mmoja. Hapa ndipo anapokoroma."

Nakijwa akazamisha mkono. Tundu lilikuwepo, linameza maji kama koo. Akasukuma magome, akasukuma udongo, akasukuma tena, watu wanapokezana makapu. Nje chururu chururu chururu ikawa chururu chururu. Ikawa chururu. Ikawa tii. Tii. Tii.

Kimya.

Senkondo akainua kichwa, tope shavuni. "Amelala," alisema kwa sauti ndogo.

Nyumba ya Nakijwa ilisimama. Mahindi yalisimama. Mama yake alirudishwa nyumbani na kitanda chake, na jioni ile, bila kumsubiri mtu wa kumpinga mtu, wazee wenyewe waliwapikia watu makande.

Mwaka uliofuata Siku ya Vifua ilibadilishwa. Mtu alijipiga kifua kama zamani, akataja alichotaka. Lakini kabla ya ndivyo, majirani walisema huwa wanafuata nini mlangoni kwake. Wengine walilia. Wengine walinuna wiki mbili. Nakijwa alisimama, mikono mbele safari hii, akajipiga kifua mara moja tu, du, akapewa ukuta. Senkondo alipewa kulinda ndiva na kuisikiliza. Mwanzoni aliona ni kazi ndogo kwa kifua kikubwa, lakini kila akisema "anakoroma," watu waliacha chakula wakaja, akaizoea ile heshima. Mama Naetwe walimpa shamba la mahindi aliimbie. Ngedere walihama kabisa mlima ule. Mwenyewe mpaka anakufa aliamini kwamba wameona haya, utamu umewazidi. Hilo hakuna aliyemrekebisha. Mahindi yalikuwa yanakua, kwa nini uharibu?

Zamu ya mwisho watu wakasema, "Bibi Namkunda, na wewe leo!"

Bibi akasimama. Akajigusa kifua kwa kidole. Du. "Mimi," alisema, "ni hodari wa hekima."

Watu wakatazama miguu yao.

"Nini?" aliuliza Bibi. "Semeni! Si tumekubaliana?"

Kirama akajikuna. "Bibi, usikasirike. Kwako sisi huwa tunafuata ugoro."

"Ugoro?"

"Ugoro, bibi," wote walisema.

"Hata Nakijwa?"

"Namchukulia mama, bibi," alisema Nakijwa kwa aibu.

Bibi Namkunda alifunga mdomo, akaufungua, akaufunga. Alikasirika kweli, msidhani wenye hekima hawakasiriki. Aligonga fimbo chini mara tatu. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, akacheka, akacheka mpaka akapiga chafya bila kunusa. "Haya," alisema. "Njooni mfuate ugoro. Lakini mkija, kaeni kidogo."

Wakaendelea kuja. Akiwatilia ugoro kiganjani aliwauliza swali moja, mawili, wakaenda zao wakipiga chafya na kuwaza.

Alipokufa, kipembe chake kilirithiwa na jirani. Ugoro wa jirani ulikuwa mkali kuliko wake, wenyewe walikiri. Lakini asubuhi miguu ya watu ilikwenda mlangoni kwa Bibi Namkunda. Wakafika, wakakumbuka hayupo, wakasimama. Mmoja akamtazama mwenzake akamuuliza, "Na wewe umefuata nini?" Hapo ndipo wakatambua kwamba haukuwa ugoro, na ndipo Senkondo, na kifua chake chote kile, akakaa kizingitini akalia.

Mnaona, wanangu. Mwamba ngoma huvutia kwake, na nyani haoni kundule. Basi usijipime kwa kifua chako peke yako, sikiliza na anayebisha hodi. Lakini na wewe unayebisha, sema kweli unachofuata, useme mapema, mwenye mlango akiwa hai.

Hadithi yangu imeishia hapo. Iliyobaki iko kwenye vifua vyenu. Na mimi? Nilikuwa nadhani kila jioni mnakuja kwa ajili ya hadithi zangu. Lakini tangu nianze, macho yenu yote yako kwenye kile chungu cha mihogo. Haya, funueni. Lakini mkila, kaeni kidogo.